UZI: Maneno ya watoto wetu tunaowafundisha nyumbani (Tabata, Dar). Karibuni mweke na ya kwenu

mama_wa_watatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma nyuzi za watu humu kwa miaka, leo nimeona nami nifungue wangu. Nina watoto watatu: wa kwanza wa kiume ana miaka 12, anayemfuata ni binti wa miaka 9, na kitinda mimba wa kiume ana miaka 6. Tunaishi Tabata na tunawafundisha wenyewe. Asubuhi wako na mimi, jioni baba yao akirudi Kariakoo anawashika hesabu, na bibi yao mzaa baba, mtu wa Kilwa, yuko nao siku nzima.

Ninayo kaunta buku ya kwaya 3 ninayoandika wanayoyasema, vilevile yalivyotoka mdomoni, na tarehe pembeni. Ya kwanza imejaa, hii ni ya pili. Nitawawekea baadhi kidogo kidogo kila nikipata nafasi.

Hatukupanga kufundisha nyumbani. Machi 17, 2020 Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na mkubwa wangu, wakati huo ana miaka 7, akarudi na begi lake. Nilikuwa namjua kuwa ni mtoto mkimya. Majirani walikuwa wananipongeza kwa utulivu wake. Siku ya tatu au ya nne tumekaa mkekani, namsomesha, naona ameinua mkono. Kidole juu, mgongo umenyooka, hasemi kitu. Chumbani tuko wawili tu. Nikamuuliza, una nini baba? Akasema, "Naomba kuuliza." Nikamwambia uliza. Akashusha mkono, akanitazama kwanza, kisha akasema:

"Hapa ukiuliza unaambiwa unapoteza muda wa wenzako?"

Ile shule siitaji, na mwalimu wake simlaumu, maana darasa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Lakini usiku ule usingizi haukuja. Shule zilipofunguliwa Juni 29, mtoto yule mkimya alikuwa anauliza kuanzia anapofungua macho hadi anapofumba. Mimi na baba yake tukakaa, tukaongea siku mbili, tukaamua.

Nitarudi baada ya Isha niwape ya kwanza.

kijana_wa_kimara

Nimeweka mkeka hapa. Dada endelea.

mama_wa_watatu

Haya. Hii ni ya pesa.

Siku hiyo nilikuwa napanga hela ya wiki mezani: ya genge, ya luku, ya gesi. Binti akazitandaza noti kwa mstari, akashika kiuno.

Binti: Mama, simba si ndiye mfalme wa porini?
Mimi: Ndivyo wanavyosema.
Binti: Sasa mbona amewekwa kwenye elfu mbili? Kifaru yuko kwenye elfu tano, tembo kwenye elfu kumi. Mfalme gani wa elfu mbili?

Ulimi uliniwasha nimwambie ni mapambo tu, Benki Kuu walichagua. Nikaumeza. Nikamuuliza, wewe unaonaje? Akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Baada ya muda akasema, "Wamepanga kwa uzito. Tembo mzito kuliko wote, anafuata kifaru, halafu simba."

Mkubwa alikuwa anakunja nguo pembeni, wala hakuinua kichwa. "Nyati je? Nyati ni mzito kuliko simba, na yuko kwenye sarafu ya mia tano." Binti akakimbilia kopo la chenji, akalimwaga lote sakafuni. Kweli, nyati yuko kwenye 500. Akachambua zaidi, akamkuta kifaru mwingine kwenye sarafu ya 50 na simba kwenye 200. Nadharia yake ikafa pale pale na yeye mwenyewe ndiye aliyeizika. Akasema, "Basi si uzito. Nitafikiria tena." Hakulia, hakununa. Mimi nikiwa na miaka 9 nilikuwa nikikosea natamani ardhi ipasuke.

Mdogo wakati huo alikuwa ameshika noti ya elfu moja.

Mdogo: Huyu ni Nyerere.
Binti: Ndiyo, Baba wa Taifa. Na yeye wamemweka chini ya simba!
Mdogo: Si chini. Wamemweka hapo ili kila mtu awe naye. Bibi elfu kumi hana kila siku. Elfu moja anayo.

Bibi alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Akafungua fundo la khanga, akatoa elfu moja yake, akaitazama, akaifunga tena.

fundi_samani_keko

Mama watatu umenikumbusha binti yangu, ana miaka 8, yeye anasoma shule ya kawaida ila Jumamosi namchukua kiwandani Keko. Alinikuta nakata karatasi nikunje niweke chini ya mguu wa meza inayocheza. Akaniuliza, "Baba, mbona kigoda cha bibi hakina karatasi?" Kigoda kina miguu mitatu. Nikamwambia miguu mitatu haichezi hata sakafu ikiwa mbovu kiasi gani, kwa sababu miguu mitatu siku zote yote inagusa chini. Ya nne ndiyo inayokosa mahali. Akasema, "Kwa hiyo wa nne ndiye mchokozi. Kwa nini msitengeneze vyote vya miguu mitatu?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nikachukua kigoda nikamkalisha, nikamwambia egemea kushoto. Kikapinduka naye, nikamdaka. Akacheka, akasema, "Kama bajaji kwenye kona!" Mimi miaka 20 kwenye fani, bajaji na kigoda sikuwahi kuviweka pamoja.

mama_wa_watatu

Fundi, hiyo naiandika kwenye kaunta buku yangu kwa ruhusa yako.

Sasa hii ya saa. Mdogo alikuwa anajifunza kusoma saa. Simu yangu iliandika 13:00, Bibi akasema ni saa saba, adhana ya Adhuhuri imeshapita. Mdogo akatazama simu, akamtazama Bibi.

Mdogo: Simu inadanganya.
Mkubwa: Haidanganyi, inahesabu kizungu. Ukitoa sita unapata ya kwetu.
Mdogo: Kwa nini wao wanazidisha?
Mkubwa: Wao siku yao inaanza usiku wa manane. Sisi tunaanza jua likichomoza. Saa moja asubuhi maana yake jua lina saa moja.
Mdogo: Wao inaanza usiku, wamelala?
Mkubwa: Ndiyo.
Mdogo: Sasa nani anawaambia kwamba imeanza?

Nilisimama na mwiko mkononi. Tukakaa mchana ule tukaongea mambo ambayo sikuwa nimeyapanga: kwamba hapa Dar tuko karibu na ikweta, jua letu halichezi sana, mwaka mzima linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo inawezekana kulifanya liwe mwanzo wa hesabu. Na nchi za mbali kaskazini, jua la kiangazi linawahi na la baridi linachelewa kwa saa nyingi, ukilifanya mwanzo wa hesabu utahangaika. Mkubwa akasema, "Kwa hiyo kila mtu amechagua kulingana na jua alilonalo." Sikuongeza neno hapo.

Binti naye hakukubali kuachwa. Kesho yake alikuja na karatasi ameandika siku za wiki. Jumamosi ni mosi, Jumapili pili, Jumatatu tatu, Jumanne nne, Jumatano tano. Akafika Alhamisi akakwama. Baba yao akamwambia hamsa kwa Kiarabu ni tano, na Alhamisi maana yake ni siku ya tano, sababu Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Binti akaitazama karatasi yake kwa muda mrefu.

"Baba, wiki yetu ina tano mbili. Sita iko wapi? Nani ameiba sita?"

Mume wangu anaongea Kiswahili tangu azaliwe, na mimi vilevile. Tano mbili ziko pale kila wiki na hatukuwahi kuziona. Hadi leo binti akiitwa Alhamisi anaitika, "Tano ya pili hiyo!"

mwalimu_mstaafu

Nimesoma uzi huu nikiwa Mbagala kwa mjukuu wangu. Nimefundisha shule za msingi miaka 34. Nina jambo la kusema bila kukwaza. Hii ya kumwuliza mtoto "unaonaje" kisha kunyamaza, mwalimu mwenye watoto 90 darasani na dakika 40 za kipindi anaipata wapi? Watoto 90 ukimpa kila mmoja nusu dakika, kipindi kimekwisha na umepitiliza. Si kwamba walimu hawapendi maswali.

mama_wa_watatu

Shikamoo mwalimu. Hujakwaza hata kidogo, na hesabu yako ni sahihi. Mimi nina watatu na bado kuna siku najibu haraka ili niondoke nikatazame jiko. Nisingethubutu kujipima na mtu aliyesimama mbele ya 90.

Ila naomba nikusimulie kosa langu mwenyewe, utaniambia kama nililiona sawasawa. Mkubwa alipokuwa na miaka 7 nilikuwa namsomea namba yeye anaandika. Nikasema ishirini na tano. Akaandika 205. Nikapiga mkasi kwa kalamu nyekundu. Nikasema thelathini na mbili. Akaandika 302. Mkasi. Arobaini na saba, 407. Mkasi wa tatu nilikandamiza hadi karatasi ikachanika. Yeye hakulia, akaniambia taratibu: "Mama, umesema ishirini. Nimeandika ishirini. Umesema na tano. Nimeandika tano. Kosa liko wapi?"

Nikalisikia lugha yetu upya. Ishirini. Na. Tano. Mtoto aliandika nilichosema neno kwa neno. Aliyekosea ni mimi niliyefikiri anajua kwamba ile sifuri inapisha tano ikae.

Nilinunua viberiti viwili, nikatoa njiti, tukazifunga kumi kumi kwa mipira ya kufungia hela. Nikamwambia ishirini na tano, niletee. Akaleta mafungu mawili na njiti tano. Nikamwambia sasa andika ulichoshika. Akaandika 2, akasita, akaandika 5. Akaitazama. "Hii mbili si mbili. Ni mafungu mawili. Kama nyanya za gengeni." Tangu siku hiyo gengeni hapitiki naye, anauliza kila fungu lina ngapi na kwa nini la huyu nne na la yule tano, na muuza genge wetu amemzoea, anamwita mkaguzi.

Lile karatasi lililochanika nimelibandika ndani ya jalada la kaunta buku.

mwalimu_mstaafu

Marahaba mwanangu. Ulichokiona ndicho. Watoto wengi sana wanapita hapo kwenye 205. Ni kosa la mtoto anayefikiri, na mimi mwenyewe katika miaka yangu ya mwanzo nililipiga mkasi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Njiti na vizibo vya soda ndivyo vilivyoniokoa. Endelea, nasoma.

kijana_wa_kimara

Swali la sheria dada. Hii inaruhusiwa kweli? Na watoto watajua kuishi na wenzao?

mama_wa_watatu

Mkuu, swali zuri na nitalijibu wazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe elimu ya msingi. Usianze jambo hili kwa kujificha. Sisi tulianzia ofisi ya elimu ya kata, na wawili wakubwa wana usajili katika shule moja binafsi ambako wanafanyia mitihani. Vitabu vya kiada tunavipata bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Sina nia ya kumshawishi mtu atoe mtoto shule. Nimekuja kusimulia watoto.

Kuhusu wenzao: jioni wako madrasa, wakitoka ni mpira hadi magharibi. Mtoto wa jirani aliwahi kumuuliza mdogo wangu, "Shuleni kwenu mwalimu mkuu nani?" Akamjibu, "Mama. Lakini Bibi ndiye anayesikilizwa."

Tuendelee. Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert. Tulikwenda kumtazama Zinjanthropus. Mwongozaji akatueleza kwamba fuvu lile alilipata mama Mary Leakey kule Olduvai, Julai 17, 1959, na mumewe Louis siku hiyo alikuwa amebaki kambini anaumwa.

Binti: Kwa hiyo kama naye angebaki kumuuguza mume, tusingempata?

Wanawake wawili waliokuwa nyuma yetu wakageuka kumtazama. Mwongozaji akacheka, akasema pengine angepatikana siku nyingine. Binti hakucheka. Alikuwa ameuliza kwa dhati.

Mdogo: Huyu ni babu yetu?
Mwongozaji: Wataalamu wanasema si babu wa moja kwa moja. Ni wa tawi la pembeni la ukoo.
Binti: Basi ni babu mdogo. Kaka yake babu.

Kisha ikaja miaka. Kibao kinasema miaka milioni 1.75. Mdogo akauliza kama ni kabla ya Bibi kuzaliwa. Nikaona maneno hayatanisaidia hapa. Tukatoka hadi getini, nikawaambia: hatua moja ya mdogo, kama nusu mita, tuifanye miaka 100. Akapiga hatua moja. Nyerere alizaliwa 1922, yuko hapa. Bibi hatua haijaisha. Tukaenda hatua 14 na ushee, tukafika alipozaliwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Mdogo akageuka akaona geti lile pale, mita saba tu nyuma yake.

Mkubwa akatoa kalamu akaandika kiganjani. Milioni 1.75 gawa kwa 100 ni hatua 17,500. Kila moja nusu mita. "Kilomita nane na robo tatu, mama. Tutembee?" Jua la saa nane la Posta mnalijua. Tukapanda daladala ya Mwenge, ingawa kwetu ni Tabata na ilitubidi kuzunguka, kwa sababu kilomita hizo zinakupeleka karibu na Mwenge. Daladala imejaa, mdogo yuko mapajani kwangu amebana pua kwenye kioo. Tukapita Morocco. "Bado?" Bado. Tukapita Makumbusho. "Bado?" Bado. Tulipokaribia Mwenge, mkubwa akasema, "Hapa. Hapa ndipo alipo babu mdogo." Mdogo akawa kimya. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini, kama kwamba abiria wengine wasisikie:

"Njia yote hii kulikuwa na watu wanaishi, na hatuwajui hata mmoja jina?"

dada_wa_mbezi

Hiyo ya mwisho imenigusa. Mimi wangu wa miaka 5 kazi yake ni kuuliza kwa nini ndizi imepinda. Dada, ni lini unasema sijui?

mama_wa_watatu

Kila siku, dada. Na hilo lililonishinda kabisa ndilo hili la ndoo.

Tulikwenda Coco Beach na Bibi Jumapili moja, tukakuta maji yamekupwa mbali, mawe na mchanga vimebaki wazi, watu wanaokota kombe. Mdogo akasimama mikono kichwani. "Bahari imekwenda wapi?"

Wewe unaonaje? Akasema imekwenda Zanzibar. Binti akaona ni jibu la maana, akasema huku ikikupwa kule inajaa, kama maji kwenye karai ukiliinamisha. Mkubwa akaomba simu, akampigia shangazi yake Unguja kwa video. "Shangazi, pwani kwenu maji yako wapi?" Shangazi akashangaa, akatoka hadi barazani akatuonyesha: na kule yamekupwa. Ngalawa zimekaa mchangani. Karai likaanguka.

Hapo Bibi akachukua usukani. Akiwa mtoto wa Kilwa haya kayanywa na maziwa. Akawaambia maji yanajaa na kukupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu. "Bahari na mwezi wanajuana," akasema. Mkubwa akaja kuthibitisha baadaye kwa wiki mbili, anaandika ukutani jikoni kwa penseli, akapata kuchelewa ni kama dakika 50 kila siku.

Sasa mdogo. Njia nzima ya kurudi alikuwa anafikiri. Tunashuka kituoni akasema:

"Mwezi ukiita, bahari inaitika. Mbona maji ya ndoo hayaitiki?"

Wakuu, mimi nina stashahada ya uhasibu. Nikamwambia sijui, tutazame. Usiku ule akajaza ndoo ya lita 20, akaiweka uani panapoonekana mwezi, akachora mstari wa chaki kwa ndani pale maji yalipoishia. Akakaa kwenye kigoda akiilinda hadi usingizi ukambeba. Alfajiri tukashtuliwa na mayowe ya furaha. "Yamekupwa! Yamekupwa!" Tukatoka wote. Kweli maji yalikuwa chini ya mstari vidole vinne hivi. Mkubwa anaangalia ndoo, mimi naangalia ndoo, mume wangu anasugua macho. Bibi akatokea mlangoni na mswala begani, akasema, "Mimi nimetawadha humo."

Mdogo alitaka kulia. Bibi akamshika bega, akamwambia leo tutarudia, na nitatawadhia ya bombani. Wakarudia usiku wa pili, na wa tatu. Mstari haukusogea. Akaniambia, "Basi ndoo haisikii. Kwa nini?"

Jibu lilinichukua karibu wiki mbili za kusoma na baba yao. Nawaandikia kama tulivyomweleza: mwezi unavuta kila kitu, na ndoo pia. Lakini ndoo ni ndogo, kwa hiyo upande wa huku na upande wa kule vinavutwa sawasawa, pamoja na plastiki yake, na maji hayana sababu ya kusogea. Bahari imeizunguka dunia nzima. Upande ulio karibu na mwezi unavutwa zaidi kuliko ulio mbali, na tofauti hiyo ndiyo inayoyatembeza maji. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kwa hiyo haimwiti mtu mmoja mmoja. Inabidi muwe wengi na mshikane."

dada_wa_mbezi

Nimemsomea mume wangu kwa sauti. Hamna siku ngumu lakini? Nauliza kwa nia njema.

mama_wa_watatu

Zipo dada. Nitaandika moja, halafu nipumzike.

Baba yangu mzazi alifariki mdogo akiwa na miaka 4. Walikuwa wanapigiana simu kila jioni, hata kama ni kuambiana wamekula nini. Baada ya arobaini nilimkuta chini ya meza na simu yangu. Alikuwa ameshaijua picha ya Babu kwenye majina, akaibonyeza. Simu ikajibu yale maneno tunayoyajua wote: namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye. Akatoka chini ya meza, uso umechangamka.

"Mama, amesema *kwa sasa*. Amesema tujaribu tena baadaye."

Hapo sikuweza kumuuliza unaonaje. Sikuweza chochote. Mkubwa ndiye aliyekuja, wakati huo ana miaka 10, akakaa naye sakafuni. Nilisikia nikiwa nimeelekea dirishani.

Mkubwa: Yule si Babu. Ni sauti ya mashine, haijui kama mtu amekufa.
Mdogo: Hakuna aliyeiambia?
Mkubwa: Hakuna.
Mdogo: Tuiambie.

Wakapiga tena. Mdogo akasubiri yule dada wa kwenye mashine amalize, akasema polepole, "Babu amefariki. Tumemzika Bagamoyo. Usiwaambie watu wajaribu tena." Akakata. Akarudisha simu mezani pale pale alipoitoa, akaenda kucheza.

Namba ile sijaifuta.

mwalimu_mstaafu

Inna lillahi. Mungu amrehemu mzee wetu.

fundi_samani_keko

Poleni sana mama. Nimesimamisha mashine nisome hii.

mama_wa_watatu

Ahsanteni sana ndugu zangu, nimezisoma zote na zile mlizonitumia pembeni. Nitaendelea nikipata muda, kuna ya binti na muuza samaki wa Feri ambayo ni ndefu.

Kwa aliyeuliza kama bado tunafuatilia maji: mwezi mpevu ni wiki ijayo. Tunarudi Coco na kijiti cha kupimia na kamba, Bibi amekubali kuja. Mdogo anataka tubebe na ile ndoo. Nimemuuliza ya nini, akasema ikawaone wenzake.